Fundi Sijaona na mashine iliyokatizwa

"Dada Sija, iyo mashine unaitengeneza ao unaiombea?"

Aliyeuliza hivyo, Jumanne moja asubuhi, ni Ilyasi, fundi wa simu wa mlango wa pili, akiwa ameegemea mwimo na kikombe cha chai mkononi. Na kwa kweli alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu alipofungua duka Sijaona alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kompyuta kubwa iliyovuliwa ubavu mmoja, mikono mapajani, macho nusu yamefumbwa, hashiki bisibisi wala hasemi neno.

"Vyote viwili," alimjibu. "Na we pita, unaniziba mwanga."

Sijaona binti Shaabani ni mtu wa mtaa wa Buyenzi tangu kuzaliwa, na chumba hicho anachofanyia kazi ndicho alichofanyia baba yake, Mzee Shaabani, Mungu amrehemu, aliyetengeneza redio za nusu ya mji. Darasa la sita lilipoisha na mama yake akashikwa na maradhi, Sijaona hakuendelea na shule. Alikaa kando ya baba. Yule mzee hakumfundisha kwanza kufungua. Alimfundisha kusikiliza. Alikuwa anamwambia afumbe macho, anawasha redio mbovu, halafu anamuuliza: "Inanguruma upande gani? Na sasa? Imebadilika ao ni ile ile?" Mtoto akikosea, redio inazimwa na kuwashwa upya, na yeye anafumba macho upya.

Redio zikapungua, simu zikajaa. Simu hakuzipenda, anasema zinamlilia kama watoto wa watu. Akaingia kwenye kompyuta, akianzia na zile zilizokufa ambazo wenyewe walikuwa wamezitupa nyuma ya mlango. Kifaransa cha kwenye skrini anakisoma herufi kwa herufi, miwani imening'inia kwenye uzi, kidole kinatangulia. Skrubu ndogo anazitenga kwenye vifuniko vya chupa, kila kifuniko na mashine yake, na hagusi kitu kabla ya kusema bismillahi. Wateja wageni bado wanafika mlangoni wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Naye anawajibu bila kukasirika, "Amekaa mbele yako. Karibu."

Basi ile mashine ya Jumanne ilikuwa ya Daphrose, msichana wa Kinanira anayechora ramani za nyumba. Si ramani za karatasi. Anazichora ndani ya kompyuta, ukaiona nyumba imesimama na madirisha yake na kivuli chake kabla hata msingi haujachimbwa. Ijumaa saa tatu alitakiwa kuwaonyesha wakunga wa Gasenyi nyumba ya kujifungulia waliyotaka kujenga. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza, na kompyuta ilikuwa inachoka kuibeba. Kwa hiyo Jumatatu aliileta kwa Sijaona na bareti mbili za memori mpya, vile vipande vyembamba vinavyoipa kompyuta nguvu ya kubeba kazi kubwa. Kulikuwa na mbili ndani tayari. Zote zingekuwa nne.

"Niongezee tu izi, Mama Sija."

"Itatoka hapa nzima kama ilivyoingia, inshallah," Sijaona alimwambia.

Lakini ule ubao mkubwa wa ndani, ambao mafundi wa mjini wanauita karitimeri, haukuzitambua bareti mpya. Kila ubao wa namna hiyo una programu yake ndogo inayoitwa biosi, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote, na ya huu ilikuwa ya zamani. Sijaona akatafuta biosi mpya, akaitia kwenye flashi, akaipandisha. Wakati ule umeme haukucheza hata kidogo. Mstari ulifika mwisho, akashukuru. Akaziweka bareti nne, akawasha.

Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Pembeni ya ubao ikawaka taa ndogo ya rangi ya chungwa, ile inayosema shida iko kwenye memori.

Alingoja dakika tatu, akaizima. Akatoa bareti mpya, akabakiza zile za zamani zilizokuwa zinafanya kazi asubuhi ile ile. Dakika tatu, nyeusi, chungwa. Akaizima. Akatoa betri ndogo ya mviringo ili ubao usahau yote, akairudisha. Nyeusi, chungwa. Mashine iliyoingia inatembea kwa miguu yake sasa ilikuwa imelala, na aliyeilaza ni yeye. Alirudisha zote nne, akafunga duka, na jioni ile chakula alikigusagusa tu.

Ndiyo maana Jumanne asubuhi alikuwa anasikiliza, kila baada ya dakika tatu akiizima na kuiwasha upya kama redio za baba. Alisikia kitu. Baada ya dakika mbili na nusu hivi feni ilipunguza sauti, ikavuta pumzi, ikaanza tena. Kitu kilichokufa hakifanyi hivyo. Akachukua kile kijitabu kilichokuja na karitimeri, ambacho Daphrose alikuwa amekileta pamoja na mashine, akakipitia kwa kidole mpaka akafika kwenye mstari uliosema kwamba baada ya kubadilisha biosi au memori, kuwaka kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika nyingi. Dakika nyingi! Yeye alikuwa ameipa tatu.

Akaamua kuiacha. Adhuhuri ilipoadhiniwa akaiwasha, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaingia ndani ya uwanja wake, akatawadha na kusali bila haraka. Aliporudi, nyeusi. Taa ya chungwa. Akaizima ipumzike. Alasiri akafanya tena vilevile, safari hii akaongeza na tasbihi yake yote. Nyeusi. Chungwa. Hapo moyo ukamvunjika. Akampigia Daphrose simu, akamwomba aje.

Sasa kuna jambo moja la mtaa ule. Milango sita ya mstari wao inakula umeme mmoja, na umeme huo una tabia zake. Balbu ikififia, yeyote anayeiona kwanza anapiga kelele, "Chomoa!" na kila mtu anakimbilia soketi yake. Kama jirani hayupo, aliye karibu anaingia kwake anamchomolea, halafu mambo yakitulia anachomeka tena. Hakuna anayeomba ruhusa wala anayengoja shukrani. Sijaona mwenyewe aliwahi kuliokoa friji la muuza maji ya matunda namna hiyo.

Daphrose alifika Jumatano mchana. Sijaona alimpa kigoda, yeye akabaki amesimama.

"Mwanangu, mashine yako iliingia hapa nzima. Sitasingizia umeme, na sitasema bareti zako ni mbaya. Mi njo niliigusa, si mwingine."

Daphrose aliitazama ile taa ya chungwa, kwa maana mashine ilikuwa imewashwa ili ajionee mwenyewe.

"Ijumaa wale wamama wanataka kuona nyumba yao, Mama Sija. Nitawachorea na chaki?"

"Najua."

"Nilikuambia niongezee memori tu."

"Najua, mwanangu."

Hilo la pili lilitoka dogo. Na wakiwa hivyo, Ilyasi akaingia kuazima waya wa risasi.

"Yoo, munakaa kama muko kwenye kilio. Nani amekufa?"

"Mashine," alisema Daphrose.

"Iyo? Apana! Haiwezi kufa kwa umeme, mi naichunga. Jana peke yake nimeichomoa mara mbili, adhuhuri na alasiri. Dada yangu anasali, mi naokoa mali za watu. Umeme ukitulia naichomeka, nabonyeza, naona taa inawaka, naenda zangu. Na asante yenyewe sijaipata!"

Sijaona alivua miwani.

"Umesema mara ngapi?"

"Mbili. Sasa mbona unaniangalia hivyo?"

Sijaona akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Daphrose, aliyekuwa karibu kulia, akabaki anawatazama wote wawili asijue ni wazima au la.

"Ilyasi, kumbuka madrasa," Sijaona alisema alipopata pumzi. "Mutoto anasoma sura ndefu, mupya kabisa, we unamukatiza katikati. Anaanzia wapi?"

"Kwa bismillahi."

"Na ukimukatiza tena?"

"Kwa bismillahi tena. Atafika lini?" Kisha Ilyasi akageuka. Aliitazama mashine, akautazama mkono wake. "Yoo, Dada Sija! Ni mimi!"

"Ni sisi wawili. Mi nilianza Jumatatu, we ukamalizia."

Akamweleza Daphrose: biosi mpya inazijaribu bareti zote moja baada ya nyingine, inajifunza mwendo wake, na wakati huo haisemi kitu kwenye skrini. Ukiizima, inasahau na kuanza upya. Akaizima mara ya mwisho, akaichomeka kwenye regilateri ya marehemu baba yake, lile sanduku zito la chuma linalotuliza umeme ukicheza, ambalo Ilyasi hajawahi kuliamini. Akasema bismillahi, akabonyeza. Halafu akaweka kigoda mbele ya soketi.

"Kaa hapo."

"Mi?"

"We. Leo we njo mulinzi."

Wakakaa. Dakika tano. Feni ikapungua, ikavuta pumzi, ikaanza tena. Dakika nane. Daphrose alikuwa anatembeza shanga za rozari ndani ya mfuko, midomo inatikisika kidogo, na Sijaona alimwona akafurahi moyoni kwamba wanaomba wawili. Dakika ya kumi na moja balbu ikafifia.

"Chomoa!" ilikuja sauti ya muuza maji ya matunda.

Ilyasi aliruka kama aliyechomwa.

"Kaa," alisema Sijaona.

"Nimekaa."

"Mikono."

"Nimeikalia, Dada Sija, nimeikalia!"

Ile regilateri ikanguruma kama ng'ombe mzee, ikashika. Balbu ikarudi. Na mashine haikushtuka. Dakika ya kumi na nne taa ya chungwa ikazimika. Ikawaka nyeupe, ikawaka kijani, na skrini ikafunguka kama dirisha la asubuhi.

"Imana ishimwe!" Daphrose akamshukuru Mungu kwa lugha ya kwao, akapiga makofi.

"Alhamdulillahi," Sijaona alisema, taratibu. Hakuinuka bado. Alimwomba Daphrose amsomee hesabu ya memori, na bareti zote nne zilikuwemo. Halafu akafanya kitu kilichomtoa Ilyasi jasho: akaizima, akaiwasha tena. Safari hii haikufika hata dakika moja. Ilikuwa imekwisha jifunza.

Daphrose akafungua ile nyumba ya wakunga ili wahakikishe inabebeka. Sijaona, mama wa watoto watano, akaikagua chumba kwa chumba, kidole mbele.

"Huu mulango mwembamba ni wa nini?"

"Wa kuingilia chumba cha kuzalia."

"Mwanangu, mama mwenye uchungu hapiti peke yake. Anashikwa huku na huku. Watapita watatu hapo?"

Daphrose alikaa pale pale, akaupanua mlango.

Jumamosi alirudi. Wakunga walikuwa wameikubali nyumba, ila walitaka ukumbi upakwe rangi nyingine. Alikuja na kipande cha karatasi ngumu na kalamu nene, akasema anataka kumwandikia fundi wake kibao kizuri cha mlangoni, herufi kubwa, watu waache kuuliza fundi yuko wapi.

"Andika: Malkia wa Makompyuta," alisema Ilyasi kutoka mlango wa pili.

"Wacha utani. Cheo changu Mungu anakijua," Sijaona alisema. Alifikiri kidogo, akaigeuza ile karatasi kuona kama inaweza kuning'inia juu ya soketi, akaona inatosha.

"Andika hivi, mwanangu: Tafazali, musichomoe. Niko nasali, narudi sasa hivi."