Nilichagua Programu Mbovu ya Chess Ili Nimkomoe Deo

Kosa ni langu, jamani, na sitafuti wa kunibebea. Nililifanya makusudi, tena huku natabasamu!

Mimi nafanya kazi stationery hapa Mpanda, na niko kwenye klabu yetu ya chess. Bingwa wetu alikuwa Deo. Siku moja tunacheza mbele ya wageni, namshinda wazi kabisa, mara akapaza sauti: "Umemgusa malkia! Ukigusa, unacheza!"

Haki ya Mungu sikumgusa! Mwamuzi akamwamini yeye. Malkia wangu akaliwa, nikafungwa, na Deo akaniambia watu wakisikia, "Dada, chess siyo kutoa fotokopi."

Walicheka. Nikasema moyoni, huyu nitamkomoa!

Baadaye klabu ikataka michezo yetu yote iingizwe kwenye kompyuta tujifunzie humo. Nikapewa mimi kazi ya kutafuta programu. Nilijaribu mbili. Ya kwanza, kila mtu anaingia kwa jina lake, ukibadilisha kitu inaonyesha ni wewe. Ya pili, wote nywila moja, ukiharibu umeharibu, hakuna wa kujua.

Nikawaletea ya pili.

Deo akauliza, "Sasa mtu akichezea humu, tutamjuaje?"

"Kwani humu kuna wezi, kaka?" nikamjibu. Wakanipigia makofi!

Nikaufungua mchezo mmoja wa zamani ambao Deo alipigwa, nikidhani ameshausahau. Pale alipomrudisha farasi nyuma, nikaandika alimtoa kafara, yaani alimwacha aliwe makusudi, akashinda. Nilijua huwa anapitia michezo yake kabla ya mashindano, na yaliyokuwa yanakuja ni ya Sumbawanga. Nilitaka aige uongo wangu, akaumbuke huko.

Deo hata hakuufungua. Aliyeufungua ni Anastazia, binti wa Inyonga niliyemfundisha mwenyewe tangu hajui kupanga kete. Kule Sumbawanga akamtoa farasi wake kafara, akapigwa vibaya. Tuliporudi akaja kwangu klabuni analia, wote wapo.

"Dada, nimecheza kama kaka Deo kwenye kompyuta. Mbona yeye alishinda?"

"Nani, mimi?" Deo akashtuka. "Mchezo ule nilipigwa!"

Wote wakamgeukia. Kumbe anajiandikia ushindi! Akaapa, akakana, akasema kuna mtu kabadilisha.

"Mtu gani? Tutamjuaje?" nikamuuliza.

Wakamfukuza klabu. Nilifurahi, nyie! Usingizi wangu ulikuwa mtamu kama asali ya Ugalla.

Kesho yake Anastazia akanirudishia ubao niliompa zawadi. "Kama mle ni uongo, dada, sijui hata nimejifunza nini." Akapanda basi la Inyonga. Simu zangu hapokei. Klabuni hakuna anayeifungua tena ile programu, maana wameona yeyote anaweza kubadilisha, na kila mmoja anamshuku mwenzake. Mimi nakaa katikati yao, nashuku nao.

Deo simwonei huruma mpaka leo, siwadanganyi. Ila yule binti! Yule binti angetufikisha mbali, na nimemkata miguu kwa mkono wangu.

Kwa hiyo nyie mnaotafuta programu ya kutunzia michezo yenu, mkimwona mwenzenu anaipigania ile isiyoonyesha nani kabadilisha nini, msimpigie makofi. Mwulizeni kwanza ana ugomvi na nani.