Damu Yangu Kwenye Jagi la Futari

Nimejimaliza mwenyewe, jamani, wala sina wa kumlaumu.

Mimi ni mgonjwa wa filamu za Kijapani za kutisha, zile ambazo mtu akikatwa kidole tu damu inaruka hadi darini. Sasa natengeneza yangu, kwa simu, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Damu naipika kwa sukari, unga na rangi nyekundu ya ubuyu, kisha naiweka kwenye friji ya mama.

Baba yake Rahma, binti niliyemposa, nilimwambia napiga video za harusi. Juzi alikuja kufuturu kwetu na kutupa jibu la posa. Tuliporudi kutoka msikitini nikalikuta jagi la damu yangu katikati ya mkeka. Mama alidhani ni sharubati.

"Tamu hii, Bi Asha! Ila nzito," alisema mzee, akaomba gilasi ya pili.

Ningenyamaza, leo ningekuwa mkwe. Lakini mzee alicheka, meno mekundu, na tone moja likaanza kuteremka polepole kwenye ndevu zake nyeupe kuelekea kanzu. Miezi yote nimehangaika, damu yangu haijawahi kuteremka vile. Mama akampa kitambaa.

"Usifute!" nikapiga kelele, simu ishatoka mfukoni. "Mzee, geukia taa! Fungua mdomo, kama ushakufa!"

Mzee akaiweka gilasi chini taratibu.

"Na maharusi nao," akauliza, "huwaambia hivyo hivyo?"