Bimdogo bin Sheikhan

Badawi wa Kibokoni alikuwa hodari wa kazi na mbaya wa ulimi, na hodari wa namna hiyo huchosha watu. Alitoboa kadi katika ofisi moja ya meli kule Mbaraki. Jina la kila kuli wa bandarini lilipigwa kwa mashine, herufi zikawa matundu, kisha kadi zikapelekwa kwenye mtambo mkubwa uliozisoma na kuchapa orodha. Ilikuwa miaka ya sitini, na kijana aliyeketishwa mbele ya mashine kama ile alijiona Mzungu wa pili.

Wenzake waliitumia mashine kama walivyoikuta. Badawi aliifundisha adabu zake. Ndani yake mlikuwa na kigurudumu kinachovishwa kadi ya amri: hapa ruka, hapa nakili neno la kadi iliyotangulia. Yeye alijitobolea kadi yake mwenyewe. Makuli wote walikuwa wanaume, kila mmoja fulani bin fulani, basi akaiamuru mashine ijitilie "bin" yenyewe. Alimaliza wenzake wakiwa katikati, akakaa kuwacheka.

Auma, msimamizi wa chumba, hakumpenda, naye Badawi alimlipa chuki kwa chuki. Msimu wa Hija ulipokaribia, ofisi ikaletewa majina ya mahujaji wa meli ya Jeddah.

"Bwana Badawi, ivue hiyo kadi yako," Auma akasema. "Safari hii kuna wanawake."

"Mimi sifunzwi kazi na mtu aliyeshuka juzi kwenye gari moshi," akajibu kwa sauti, chumba kizima kisikie. "Mwanamke akifika nitaizuia mashine, niandike 'binti' kwa mkono wangu."

Angeivua asingepungukiwa kitu. Aliiacha kumkomoa tu, na sikio la kufa halisikii dawa. Kweli, kila mwanamke alipofika alisimama akaandika "binti". Majina ya watu aliyatazama. Lililomponyoka ni lile alilolijua kabla hajaota meno, ambalo hakuona haja ya kulitazama: la mama yake mzazi, Bimdogo. Vidole vilikimbia, na mashine ikatia neno lake. Auma alipotaka kuzikagua kadi, Badawi alimpokonya boksi mkononi akazipeleka mwenyewe.

Bimdogo alikuwa akiitamani Hija tangu ujana wake. Sasa magoti yalikuwa yakimsaliti, naye alijua kwamba asipokwenda mwaka huu hatakwenda tena. Alipita mlango kwa mlango kuomba radhi, kama wafanyavyo mahujaji. Nguo nyeupe ikakunjwa, na nduguye Jamaldin akawa ndiye wa kufuatana naye.

Pale Kilindini karani wa meli alisoma orodha, akamtazama, akasoma tena.

"Bimdogo bin Sheikhan. Hapa ni mwanamume. Kitanda chake kiko kwa wanaume."

"Huyu ni dada yangu!" Jamaldin akasema. "Huna macho?"

"Macho ninayo, nafasi sina. Upande wa wanawake umejaa. Kila aliyepanda yumo kwenye orodha."

Jamaldin alisihi, akagomba, akataka na yeye abaki. Bimdogo akamsukuma kuelekea ngazini. "Panda, ndugu yangu. Usiiwate Hija kwa ajili yangu."

Ngazi ikavutwa. Badawi, aliyekuja kuwasindikiza, alisimama na sanduku la mama yake.

"Mama, si mimi. Ni mashine iliyokosea."

Bimdogo hakupaza sauti. "Yeo wanifanya mwanamume mbele ya watu, kisha wanambia mashine. Mashine haikunyonya kwangu, Badawi."

Akalichukua sanduku lake, akaenda nalo mwenyewe hadi barabarani.

Jamaldin aliporudi na maji ya zamzam, nyumba ilijaa majirani. Bimdogo ndiye aliyeyagawa. Kikombe kidogo kilijazwa, kikanywewa kwa bismillahi, kikarudi kwake kujazwa tena. Badawi alikuwa amekaa karibu na mlango. Zamu yake ilipofika akanyoosha mkono.

"Mpeni alo nyuma yake," mama yake akasema.

Kikombe kikapita juu ya bega lake. Badawi akaurudisha mkono mapajani, na hakuna mtu mle ndani aliyemtetea.