Siri ya Rafiki Yangu Ilitokea Ukutani Kanisani

Admin, nifichie jina, maana huku kwetu Merigi watu wanajuana hadi kwa viatu. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto watatu, na tunaishi kwa majani chai na ng'ombe wawili. Kanisani mimi ndiye huonyesha nyimbo. Vitabu havitoshi, kwa hivyo kila Jumamosi nafungua nyimbo za Kipsigis kwenye tableti yangu, napiga skrinshoti ya kila ubeti, halafu Jumapili nazitelezesha moja moja projekta ikizitoa ukutani.

Nina rafiki yangu, nimwite Chelangat. Ameolewa miaka saba na hana mtoto. Mama mkwe wake humsema kwa kila harusi na kila matanga, na yeye hunyamaza tu. Jumamosi moja nikiwa katikati ya kazi ya nyimbo, akaniandikia meseji ndefu, ikaingia kwenye tableti ile ile. Alisema walipimwa wote wawili na shida si yake, ni ya mume wake. Amekubali kuitwa tasa ili mume wake asichekwe na wanaume wenzake. Akamaliza kwa kuniomba ibaki kati yangu na yeye na Mungu.

Nilipiga skrinshoti kabla hata sijamjibu. Nikamtumia dada yangu aliyeolewa Sigor, nikaandika chini yake, "Kumbe shida ni jogoo." Tulicheka sana. Sitawadanganya, nilifurahia kuwa na habari ambayo wengine hawana. Nikarudi kwa nyimbo zangu, nikasahau kuifuta.

Kesho yake, baada ya ubeti wa pili, nikatelezesha kidole. Sauti zikaanza kufa kutoka viti vya mbele. Nikadhani stima imepotea. Kuinua macho, maneno ya Chelangat yamejaa ukuta mzima, na jina lake liko juu. Mume wake anaimba kwaya, kwa hivyo alikuwa amesimama mbele yetu sote. Akageuka, akasoma, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mpaka leo hajarudi nyumbani, anakaa kwa kaka yake Kericho.

Kinachonimaliza ni vile watu wananihurumia. Pasta alisema shetani ametumia mashine kutugawanya. Akina mama waliniletea maziwa ya mursik na kunibembeleza nisijilaumu. Chelangat naye alikuja, macho yamevimba, akaniuliza jambo moja tu.

"Sasa dada, hiyo picha ulipiga ya nini?"

"Nilifinya vibaya," nikamwambia. "Si unajua hizo batani ziko karibu karibu."

Akaniamini. Akanishika mkono akasema tuombe pamoja, na nikaomba.

Sasa mume wake anasema Chelangat ndiye alinituma nimwaibishe, kulipiza yale yote mama mkwe amemfanyia. Jumamosi hii wazee wa pande zote mbili wanakutana, na Chelangat ananitegemea niwaambie ilikuwa ajali. Kuonyeshwa ukutani ilikuwa ajali kweli. Lakini wataniuliza picha ilitoka wapi, na kwetu uongo mbele ya wazee haumwachi mtu salama. Tena dada yangu ameniambia kwamba hiyo picha alimtumia mtu mmoja "tu". Nikisema ukweli wote, mume wake atajua mke hana hatia, na huenda akarudi. Lakini Chelangat atajua nilimcheka siku ile ile aliyoniamini, na sioni kama atawahi kunisalimia tena. Mume wangu mwenyewe hajui kama niliipiga makusudi.

Jana Chelangat alinipigia simu akaniomba nivae sare ya akina mama wa kanisa, ili wazee wajue shahidi wake ni mtu wa kuaminika. Nikamwambia sawa. Sare nimeshaipiga pasi, iko hapa mbele yangu.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini nishaurini: nikisimama mbele ya wale wazee, nimwangalie Chelangat niseme nini?