Nilivyomzeesha Baba

Enzi zetu, sisi watoto wa Kindu tuliokula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, mwanaume alipakwa kichwani ili azeeke. Naam, azeeke! Msinicheke. Leo nina saluni yangu karibu na soko, na wanaume wananijia kwa mlango wa nyuma wakitaka kinyume chake. "Mama, zimeota mvi mbili tatu hapa pembeni. Zifiche, lakini bibi yangu asijue." Nazificha, na bibi zao hawajui. Mkono huu ulianza kazi nikiwa na miaka kumi, na niliyeanza naye alikuwa baba yangu mzazi.

Mnakumbuka vita ilipofika na treni iliyotuletea chumvi ikanyamaza? Sisi wasichana tulicheza nzango, mchezo wa kurukaruka na kupiga makofi, uwanjani hadi vumbi likatupanda magotini, kisha tukarudi kula wali na samaki wa mto Lualaba aliyechemshwa hivihivi. Samaki bila chumvi, jamani! Mama alikuwa akisema, "Kula tu, ladha italetwa na baba yako." Na kweli, Baba alibeba mawese mgongoni kwa miguu hadi Kailo, akarudi na chumvi. Ila kamba za mzigo zilimwachia alama mbili nyeusi, moja kila bega.

Alama zile njo zilikuwa kifo. Kwenye bariyeri, kizuizi cha njia ya Kailo, wenye silaha waliwavua wanaume mashati, na bega lenye alama waliliita bega la bunduki, yaani la mpiganaji wa adui. Ukisema ni mzigo, wanakujibu kwamba wote wanasema hivyo. Jirani yetu, fundi wa baiskeli, alichukuliwa pale asubuhi kwa alama ya gunia la muhogo, na mkewe hakumwona tena. Wazee tu ndio walipita bila kusumbuliwa sana.

Mama akaamua Baba azeeshwe. Baba akaruka juu. "Miye siko bibi-arusi wa kupakwapakwa!" Mama alikuwa akipepeta mchele, wala hakuinua macho. "Basi enda na ujana wako, utuachie hawa watoto." Baba akakaa kwenye kigoda, akavua shati.

Mama alianza na poda yake mwenyewe. Bega likawa jeupe, likanukia arusi. Nikamwambia aniachie mimi. Nilikwangua udongo mwekundu wa ukuta wetu, nikatia masizi ya chungu na tone la mawese, nikajaribu kwanza mkononi mwangu, nikaongeza, nikapunguza, mpaka rangi ikapotea kwenye ngozi. Nilipompaka Baba, alama hukuziona. Nywele nikazipitisha majivu ya jikoni, kidogo kidogo, nikianzia juu ya masikio kama mvi zinavyoanza. Mama alinitazama, kisha akasema nifuatane na Baba kama mjukuu wake. "Ukiteleza ukamwita baba, tumekwisha."

Tukaenda, yeye na mtungi wake wa mawese, mimi na kakapu kichwani. Kwenye bariyeri alisimama kijana mwenye bunduki. Akamzunguka Baba mara moja, akamshika kidevu.

"Muzee, kichwa nyeupe, ndevu nyeusi. Namna gani?"

Mungu wangu, ndevu! Nilizisahau kabisa. Baba akakohoa kizee. "Kichwa njo kilitangulia kuzaliwa, mwanangu." Wenzake wakacheka hadi wakashika matumbo. Yeye hakucheka.

"Vua shati."

Baba akavua. Jua lilikuwa kali na jasho lilikuwa limeshamtoka. Nikaona kamstari kekundu kanaanza kuteremka kutoka begani, pole pole. Sikufikiri. Nilifungua kitenge changu cha kiunoni, nikamfunika mabega yote mawili, nikamfokea kwa sauti ya Mama, "Babu, jua hili! Juzi tu umetoka malaria, ukianguka hapa nani atakubeba? Mimi?"

Kijana akaniangalia, akaangalia mzee aliyefokewa na mtoto. "Endeni. Huyu mujukuu wako ana kelele mingi."

Tulitembea mpaka bariyeri ikapotea nyuma yetu. Hapo Baba akakaa chini, akacheka, akalia, majivu yakamchirizika mashavuni. Akaniambia, "Umenizaa wewe." Alipita pale mara nyingi baadaye, kila mara kwa mkono wangu, na ndevu sikuzisahau tena. Najivunia, kwa nini nisijivunie?

Siku hizi kijana ananijia na chunusi moja tu puani, analalamika utadhani amefiwa. Namfunika, anatoka akijiangalia kwenye simu. Sina ubaya naye, mikono yangu inakula kwa uso wake. Ila enzi zetu kioo hatukuwa nacho, na niliyempaka aliondoka bila kujua kama atarudi.

Baba yeye huingia kwa mlango wa mbele. Majuzi alikuwa kwenye kiti changu, mweupe kichwa na ndevu, nikimchana, mteja mmoja akanitania: fundi gani anayemwacha baba yake hivi? Baba akajibu mwenyewe.

"Mvi hizi asiziguse. Wenzangu wengi niliobeba nao mawese hawakuzipata."

Nikaendelea kumchana Baba, taratibu, unywele mmoja usivunjike.