Nilitaka Bunduki ya Saizi ya Mjukuu Wangu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, Tanga, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kwa hiyo maneno makubwa usiyatafute hapa. Lakini mwili wa mtu naujua. Nisimamishie mtu mlangoni, hata akiwa na koti la baridi, nitakwambia bega lipi limeshuka na kitambi kimeanza mwaka gani.

Mwaka ule uliofuata Kombe la Dunia la huku Afrika Kusini nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la Msomali, Mayfair, nashona kanzu na mabaibui. Nikiishi na mjukuu wangu chumba cha nyuma ya duka hilohilo, na jioni cherehani naiingiza ndani. Mama yake, yaani binti yangu, aliolewa Morogoro na kijana wa Kizulu, mmoja wa wale waliokimbilia kwetu kupigania nchi yao. Nchi ilipokombolewa wakarudi, na mimi nikafuata. Mjukuu akakulia hapahapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, lakini kujibu anajibu kwa lugha yoyote iliyo karibu na ulimi. Namwita mke mwenzangu, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi, na babu yake ingawa ni marehemu simwachii.

Mke mwenzangu alikuwa mlinzi kwenye geti la duka kubwa, saa kumi na mbili kwa siku amesimama, jua lake na mvua yake. Mfupi kama mimi, na mtu wa mashoto. Basi jioni moja amerudi, anavua koti, nikaona shingoni alama nyekundu, mbichi.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "huyo bwana ana meno ya moto?"

"Eish, Bibi! Si bwana. Ni ganda la risasi."

Nikazima cherehani.

Akanieleza. Kampuni yao ilikuwa inachagua watu wa kusindikiza magari ya fedha. Kazi ya mchana, mshahara mzuri, na unakaa kwenye kiti. Lakini lazima ufaulu kulenga shabaha kwa bastola na kwa bunduki fupi. Ile bunduki fupi inakula risasi zilezile za bastola. Wenyewe wanaiita kabaini. Kwenye bastola alikuwa wa kwanza. Kwenye kabaini akaanguka kama gunia. Wamempa nafasi moja tu nyingine, baada ya wiki tatu. Akianguka tena, anarudi getini na jina lake halitaitwa tena.

"Sasa umeangukaje? Jicho unalo."

Akachukua ufagio, akauweka begani kwa mkono wake wa kushoto, akanionyesha. Kitako cha bunduki kirefu. Akikiweka begani, kidole kinafika triga kwa kuombaomba, shingo imenyooka kama ya mbuni. Na maganda yanatokea upande wa kulia. Mtu wa mkono wa kulia hayamhusu, yanakwenda zake. Yeye yanampitia mbele ya uso, yanamgonga mkono, na moja limezama kwenye kola. Tangu hapo kila akitaka kufyatua anafumba macho.

"Basi tatizo ni nguo," nikasema. "Wamekuvalisha ya mtu mwingine."

"Bibi, ni bunduki."

"Kitu kinachokaa begani ni nguo."

Bunduki siipendi, niseme mapema. Ninachopenda ni mtu wangu arudi nyumbani na matundu yaleyale aliyozaliwa nayo. Lakini kama lazima ashike, basi ashike inayomkaa. Nikatoa utepe, nikamkunja kiko cha mkono, nikampima kutoka kwenye kunjo la mkono mpaka kifundo cha kwanza cha kidole cha shahada. Nikapima shavu na bega. Kisha nikatandika gazeti sakafuni, nikapiga chaki, nikakata bunduki.

Ndiyo, niliikata. Kitako kifupi. Mtutu mfupi, usimvute mbele. Tundu la maganda nikaliweka chini, yaangukie miguuni kama maganda ya karanga, yasimjue mtu wa kulia wala wa kushoto. Na pale kwenye kasha la risasi nikakata sawasawa na kasha la bastola yake, ili akiishiwa huku achukue kule. Mke mwenzangu alikaa kitandani anacheka mpaka anashika mbavu.

"Cheka. Kesho wapi wanauza?"

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na nalisema mwenyewe kabla hujasema wewe. Miaka yote nimeishi kwa kazi ya mteja kuja na mwili wake, mimi nikakata kumfuata yeye. Sikujua kama kuna vitu duniani vinakatwa kwanza, halafu mtu ndiye anaambiwa ajipunguze.

Tukapanda teksi mbili, gazeti nimelikunja kwapani. Duka lenyewe lina milango miwili ya chuma, unafungiwa katikati kwanza kama kuku. Ndani mzee wa Kikaburu, kaptula, soksi mpaka magotini, anaongea Kizulu kizuri kuliko changu. Changu ni cha kununulia nyanya.

"Karibu, gogo," akasema. Huku bibi ni gogo, nimeshazoea. "Unataka bastola ya kuweka nyumbani?"

"Sitaki bastola. Nataka hii." Nikatandaza gazeti juu ya kioo chake. "Ya huyu binti. Mnachukua siku ngapi kuitengeneza?"

Akalitazama gazeti. Akanitazama mimi. Akaanza kucheka, tumbo linagonga kaunta, akamwita mwenzake kutoka nyuma aje aone. Mke mwenzangu akageukia mlango, anasoma bango la bei kama msahafu.

Mimi sikuchekeshwa. "Cheka ukimaliza uniambie. Nimempima kutoka hapa mpaka hapa," nikamwonyesha kunjo la kiko na kidole.

Akaacha kucheka. "Nani amekufundisha kupima hivyo?"

"Nani anifundishe? Mkono ndio unaoshika."

Akamwambia mwenzake, "Ndivyo tunavyopima sisi." Kisha akavaa miwani, akainamia gazeti kwelikweli, na pale ndipo nikampenda kidogo.

Akatuletea moja, haina risasi, akaionyesha mara mbili kwamba haina. Hii kitako chake kinaingia na kutoka, kifupi, safi; maganda yanatoka kulia. Akaleta nyingine. Maganda chini, kama nilivyokata. Lakini ni ya risasi kubwa, nzito kama jiwe la kusagia. Akaleta ya tatu, inakula kasha la bastola, ila bastola si ile anayovaa mke mwenzangu, na kitako ni cha mbao, kirefu kama mwiko wa harusi. Kaunta ikajaa. Kila moja ilikuwa na kipande cha gazeti langu.

"Sasa changanya," nikamwambia.

"Gogo, hakuna anayeitengeneza. Nimeuza hizi maisha yangu yote. Wateja wananiuliza, nami nawaandikia wenye viwanda. Wanasema watu wa mashoto ni wachache."

"Na wanawake wafupi?"

"Hao hawajawafikiria kabisa."

"Basi waje Mayfair siku ya Ijumaa, nitawaonyesha."

Akacheka tena, safari hii cheko la heshima. Akaomba gazeti abaki nalo. Nikampa, nikitaka nitakata jingine. Lakini tulipokuwa mlangoni akaniita. "Gogo, hata ingekuwepo, kampuni isingemruhusu aje na yake. Mtihani atafanya kwa bunduki ya kampuni. Iangalie fulana yake ya kazini, ile ya kuzuia risasi. Nyingi zimejazwa sponji begani. Ila lile bamba la ndani usiliguse kwa sindano, wala kwa pini! Shona kitambaa tu."

 Njiani kurudi, tulipofika kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, mke mwenzangu akasema, kwa Kiswahili, jambo ambalo hafanyi ila akiwa na huzuni, "Bibi, tumepoteza siku."

"Umepoteza wewe. Mimi nimepata fundi mwenzangu."

Kesho yake akaileta fulana, baada ya kumwuliza mkubwa wake, naye alijibu kwamba kitambaa ni kitambaa, mradi bamba lisiguswe. Nikamvalisha. Ee Mola! Fulana ya mwanaume wa futi sita. Akiinua mikono, chini inamkaba kiuno, juu inampanda kidevuni. Nikabonyeza bega la kushoto: sponji nene kama maandazi mawili. Kitako kirefu, na bado umekiwekea mto! Nikatoa bamba taratibu, nikalilaza kitandani, nikalifunika shuka kama mgonjwa. Kisha nikafumua.

Bega la kushoto nikatoa sponji yote, nikashona bapa. Mikanda ya mabegani nikapunguza vidole vitatu, ya ubavuni nikaivuta. Halafu nikamkatia kola ya dreli ya kaki, kile kitambaa kigumu cha sare, ya kusimama, ndani nimeweka flaneli, mbele inafunga kwa ule utepe wa kunasana. Na kipande cha kufunika mkono wa kulia, kutoka kiko mpaka kwenye kifundo. Akauweka ufagio begani. Kidole kikakaa pale kilipotakiwa, shavu likalala.

"Sharp," akasema, akazunguka. "Bibi, lakini nafanana na padri."

"Padri mwenye kazi. Sasa nenda kafundishe macho."

Wiki mbili zilizobaki alikuwa anasimama ukutani na ufagio, na mimi namrushia maharage makavu kwenye kola. Mwanzo kila harage anafumba. Nikamtukana. Baadaye nikawa natupa kwa kikombe, naye hapepesi.

Siku ya mtihani nikafunika cherehani nikaenda naye. Kiwanja chao kiko nje ya mji, kina ukuta wa udongo. Mimi nikazuiwa getini, nikakaa kwenye ndoo na chupa yangu ya chai. Mlinzi wa geti, mama mmoja wa Kizulu, akawa ananiambia nani anaingia. "Huyu si wako. Huyu si wako. Haya, gogo, sasa ni wako."

Sikuona kitu. Nilisikia tu. Na sauti ile naijua, maana mwanafunzi wa cherehani anayeogopa sindano anakanyaga, anaacha, anakanyaga, anaacha. Wale waliotangulia wengine walipiga hivyo. Huyu alipiga pa, pa, pa, kama mtu anayepita pindo la kanzu moja kwa moja bila kuinua mguu. Nikamshika yule mama mkono mpaka akasema ninamuumiza.

Mke mwenzangu akatoka baada ya muda mrefu, uso hauna habari. Mwalimu wake nyuma, bonge la mtu.

"Gogo," akasema mwalimu, "hii kola haimo kwenye sare yetu."

Nikainuka kwenye ndoo. "Amefaulu au hajafaulu? Kola tutaizungumza baadaye."

"Amefaulu. Risasi mbili tu zimetoka nje."

Nilipiga kigelegele mpaka wapigaji wengine wakasimamishwa, wakidhani kuna mtu ameumia. Mke mwenzangu akafungua kola yake, maganda mawili yakadondoka kwenye vumbi, na shingo yake safi kama ya mtoto aliyeoga.

"Wewe umebanwa kwapani," nikamwambia mwalimu. "Nipitishie hiyo kola, nami nitakuachia kwapa."

Akapita Mayfair, nikamwachia. Kola ikaruhusiwa, nyeusi badala ya kaki. Bunduki yenyewe hawajaitengeneza. Kila nikipita lile duka nauliza, na mzee wangu anatikisa kichwa.

Jumatatu mke mwenzangu akapanda gari la fedha kwa mara ya kwanza. Nilimsomea dua, nikamfunga kola kwa mkono wangu, nikamwambia aache kunibusu nguo ina pini. Akaondoka. Nikakaa kwenye cherehani kama kawaida, nikaimba kidogo, na kufikia saa nane mchana nilikuwa nimeshona mikono yote miwili ya kanzu ya watu ndani nje.