Daftari la Hatua za Shangazi

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ndiye mtu wa kwanza kucheza bila ngoma katika vijiji vya kwetu Igurwa. Alikuwa amesomea sanaa pwani, akazunguka nchi za mbali na kundi la wachezaji, kisha akarudi na mvi kichwani na sanduku moja mkononi. Alimwomba baba yangu kiwanja cha kuanikia kahawa, kwa miezi ambayo hakikuwa na kahawa. Hapo, kila alasiri, alicheza peku juu ya udongo mtupu, na hakikusikika kitu ila nyayo zake. Yeye aliita kazi hiyo dansi ya kisasa. Majirani waliiita kichaa cha wasomi.

Mchezo wake mkubwa ulitokana na kazi ya babu, baba yake mzazi. Kwetu ndizi mbivu huchanganywa na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa, zikakanyagwa kwa miguu mpaka zitoe maji matamu ambayo baadaye huwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kazi hiyo ni ya wanaume. Mwanamke haingizi mguu humo. Shangazi, alipokuwa msichana, aliuingiza wake mara moja, akachapwa. Alipozeeka akarudi kukanyaga ardhi kavu, hatua kwa hatua kama alivyokanyaga babu, akiigiza maisha ya mzee huyo tangu ujana hadi siku alipozikwa kwenye kibanja, shamba la nyumbani, katikati ya migomba yake mwenyewe.

Wapita njia hawakumwacha hivi hivi.

“Mama, hiyo rubisi yako itaiva lini? Kiu imetuzidi!”

“Lete kibuyu,” alijibu bila kusimama. “Lakini wewe mlevi, ukionja hii utalia.”

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ya sekondari na katibu wa baraza la wazee wa usharika wetu. Wasichana sita wa shule yangu walikuwa wameanza kumfuata shangazi kila wamalizapo masomo. Wazazi walilalamika, baraza likaketi, nami nikatumwa nikatazame na kuandika yote niliyoyaona. Sikusita. Niliamini, na sehemu ya imani hiyo ningali nayo, kwamba mtu akiwaachia watoto wake kila kipya kinachopita njiani, siku moja atawakosa. Kosa langu halikuwa imani hiyo; lilikuwa dogo zaidi, na baya zaidi: nilihukumu jambo kabla ya kulitazama, kisha nikalitazama ili nipate sababu za hukumu.

Kwa majuma mawili nilisimama migombani na daftari. Niliandika kwa uaminifu wa karani: mguu wa kulia mbele mara tatu, kisigino hakigusi chini, anageukia machweo, mikono inashika ukingo usiokuwapo. Pembeni niliandika maneno kama *kiburi* na *aibu*. Siku ya nne akaniita, bila hata kugeuza kichwa.

“Mwanangu, sogea. Huko migombani huoni miguu.”

“Hapa panatosha, shangazi.”

“Basi andika vizuri. Ukiandika uongo nitakuja kukusahihisha.”

Wasichana wakacheka. Mimi sikucheka.

Siku ya mwisho alifika mahali ambapo babu, amechoka, anakanyaga kwa mara ya mwisho. Wanaume hukunja suruali kabla ya kuingia mtumbwini. Shangazi naye akaikusanya sketi yake, akaifunga juu ya magoti. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amekwisha kulala chini, kama babu kaburini. Nikaandika: *Yaliyofuata hayafai kuandikwa.*

Nilisoma daftari lile mbele ya baraza. Wasichana wakakatazwa, nami mwenyewe nikasimama njiani alasiri ya kwanza kuwarudisha. Watano waligeuka kimya. Wa sita, aliyekuwa hodari kuliko wote, aliuliza, “Mwalimu, nimebakiza nusu tu. Nimalizie?” Nikamwambia aende nyumbani. Tangu siku hiyo shangazi alicheza peke yake, na hakuna aliyethubutu kusimama kumtazama.

Mwaka juzi kiharusi kilimwangusha. Miguu yote miwili ilikufa, na ulimi pia. Ulibaki mkono wa kushoto. Juma la tatu, bodaboda ilisimama uani kwetu, akateremka mwanamke mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa yule msichana wa sita. Sasa anauza vitenge Murongo, mpakani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba.”

“Nimekuja kumaliza ile nusu,” alisema. “Nimemwona mgonjwa. Hawezi kunionyesha tena, na hakuna mwingine anayeikumbuka yote. Akienda, imekwenda naye.”

Ningeweza kumpa pole nikamsindikiza. Niliingia ndani, nikalitoa daftari chini ya vitabu vyangu vya maadili, nikampa. Alisoma amesimama. Alipofika kwenye neno *aibu* alinitazama.

“Mwalimu, wewe ulikuwa mpelelezi hasa! Kila kisigino kimo.”

“Kimo.”

“Wapenzi wake wote tumesahau, adui ndiye amekumbuka.”

Neno hilo lilikuwa la kweli.

Alikaa siku tano. Tulimtoa shangazi na kiti chake, tukamweka ukingoni mwa kiwanja, blanketi magotini. Mimi nilisoma kwa sauti, mwanamke akacheza, na shangazi akatazama. Mguu wa kulia mbele mara tatu. Anageukia machweo. Sauti yangu, iliyowahi kuyasoma maneno hayo kama mashtaka, sasa ilikuwa ndiyo ngoma pekee ambayo mchezo wake uliwahi kupata. Kisha nikafika kwenye mstari ule.

“Soma, mwalimu,” mwanamke alisema, mguu wake mmoja ukiwa hewani.

“Hapa sikuandika.”

“Hukuandika, au hukuona?”

“Nilifumba macho.”

Akaushusha mguu polepole. Ndipo mkono wa kushoto wa shangazi ukaanza kwenda juu ya blanketi. Ulijikunja, ukafunguka, ukapiga goti mara mbili, ukajikunja tena. Tulipiga magoti mbele yake. Tulijaribu hivi na vile, na kila mara alifumba macho kwa uchungu, maana yake siyo. Alirudia mpaka mkono ukachoka. Alikuwa amekuja kunisahihisha kama alivyoahidi, nami sikuweza kumsoma.

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Tulimzika kibanjani, karibu na babu. Kama ilivyo desturi, siku hiyo hakuna jirani aliyeshika jembe, hata wale waliomdai rubisi.

Mwanamke wa Murongo sasa huwafundisha watoto wa kijiji cha Kimuli kila Jumamosi. Mwezi uliopita walinialika. Watoto kumi na wawili walikanyaga udongo bila ngoma, vizuri kupita nilivyotarajia, na walipofika mahali pale wakasimama wote, vichwa chini, mikono wazi, kimya. Hakuna kingine cha kufanya hapo.

Afisa mmoja wa wilaya aliyeketi kando yangu aliniinamia. “Mwalimu, hapo wanaposimama ndipo penye utamu wote. Yule bibi aliyeutunga mchezo alikuwa na akili kubwa.”

“Hapo si kazi yake,” nilimwambia. “Hapo ndipo nilipofumba macho.”

Alitabasamu kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumuuliza mzee zaidi, akarudisha macho uwanjani. Watoto walikuwa wameanza kulala chini, mmoja baada ya mwingine.